Ahadi ni Deni, na Deni Hili Lina Riba

Shukrani zote njema zamstahikia Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu Waislamu, mnamo Septemba 2022 Rais William Ruto alilihutubia Bunge la Kenya. Aliahidi kupunguza matumizi ya serikali kwa shilingi bilioni 300, na kwamba ifikapo mwaka wa tatu matumizi ya kawaida yasingehitaji mkopo. Mwaka wa tatu ukafika. Bajeti iliyosomwa Juni 2025 ilikuja na nakisi ya zaidi ya shilingi bilioni 900.

Pengo hili latoka wapi? Katika bajeti hiyo hiyo, malipo ya riba peke yake yalikadiriwa kupita shilingi trilioni 1. Zingatieni, enyi wenye akili: riba ni kubwa kuliko nakisi yenyewe! Lau si riba, mapato yaliyokadiriwa yangalitosha matumizi mengine yote.

Mwaka 2014 Kenya ilikopa dola katika masoko ya nje kwa miaka 10, kwa riba ya asilimia 6.875. Siku ya kulipa ilipokaribia, Februari 2024, ilikopa tena dola bilioni 1.5 kwa asilimia 9.75 ili kulikabili deni lile. Mwaka huo huo ukaletwa Mswada wa Fedha, ambao mwanzoni ulitaka hata mkate utozwe kodi. Vijana wakatoka mabarabarani, damu ikamwagika, ndipo Rais akakataa kuutia sahihi.

Watatuambia: ni serikali gani isiyokopa? Twajibu kwamba Uislamu haukukataza kukopa. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Al-Baqara 282, yafundisha namna ya kuandikiana deni. Kilichoharamishwa ni riba, na aya chache kabla ya hiyo, ya 278 na 279, asiyeiacha ametangaziwa vita na Allah na Mtume Wake. Wala njia ya halali haikukosekana. Uingereza, isiyo dola ya Kiislamu, ilitoa sukuk ya pauni milioni 200 mwaka 2014.

Lakini lawama si ya watawala pekee. Kila uchaguzi unapokaribia, wanasiasa huketi safu ya mbele katika misikiti yetu, wakatoa bahasha ya zulia au ya mnara, nasi tukaitikia Amin. Mzee anayeswali nyuma yao ndiye atakayeilipa bahasha hiyo katika bei ya unga.

Twaziomba kamati za misikiti: asipewe kipaza sauti mwanasiasa yeyote, awe wa serikali au wa upinzani, kabla hajajibu swali moja: riba utaiondoaje? Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kuvunja ahadi ni miongoni mwa alama za mnafiki. Basi mwenye kudanganywa mara ya pili na ya tatu, naye amenyamaza, atamjibu nini Mola wake?

Wabillahi tawfiq.