Mambo ya Ukulima: Miche ya Migomba Itokayo Chupani

Katika Dallas, mtaa wa mji wa Embu, na katika vijiji vya miteremko ya Mlima Kenya mpaka Meru, desturi ya tangu zamani ni kuomba chipukizi la mgomba kwa jirani na kulipanda. Lakini jirani huenda akatoa, pamoja na chipukizi, fukusi na minyoo ya mizizi na hata ugonjwa wa Panama, naye hana habari.

Ndiyo sababu katika miaka ya 1990 Taasisi ya Utafiti wa Kilimo ya Kenya, ambayo kazi zake sasa zimo katika KALRO, ilianza kuwapelekea wakulima miche iliyokuzwa ndani ya chupa.

Kazi yenyewe ni hii. Fundi huchukua chipukizi la mgomba mzima, hulimenya mpaka kibaki kiini kidogo, hukiosha kwa dawa ya kuua vijidudu, kisha hukitia katika chupa yenye chakula kilichoganda: sukari, chumvi za namna nyingi, na saitokinini kidogo sana. Saitokinini ni homoni ya mimea inayohimiza seli kugawanyika. Katika mgomba wa shambani, kiini kikuu huyazuia macho ya kando yasichipuke. Homoni hii hukiondoa kizuizi hicho, na kiini kimoja kikazaa vichipukizi kadhaa. Navyo hutengwa na kutiwa katika chupa mpya, tena na tena. Mwisho huhamishiwa katika chakula cha kuotesha mizizi, ambacho mara nyingi hutiwa homoni nyingine iitwayo oksini.

Elimu hii haina miaka mingi. Carlos Miller, Folke Skoog na wenzao wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walitangaza kinetini mwaka 1955, wakiwa wameipata katika DNA ya mbegu za samaki dume. Mwaka 1957 wawili hao walionyesha kwamba saitokinini ikizidi oksini huota machipukizi, na oksini ikizidi huota mizizi. Lakini kabla ya hapo wataalamu walikuwa wakitia maji ya nazi katika chupa zao, wakaona mimea inastawi wasijue sababu. Tena zeatini, saitokinini ya asili, ilitolewa katika mahindi machanga mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kumbe dawa yenyewe ilikuwamo katika dafu la Mombasa na katika hindi bichi la Embu!

Hata hivyo homoni haiponyi, wala haichagui. Mgomba mama ukiwa na virusi, chupa zaweza kutoa mamia ya watoto wenye virusi vile vile. Kwa hiyo mama hupimwa kwanza. Homoni ikizidishwa, au kugawa kukirudiwa mno, hutokea miche iliyopotoka maumbile.

Na mche safi si mche wenye kinga. Mtu aliyetoa fedha zake kwa miche hii, kisha akaitia katika shimo alimong'oa mgomba mgonjwa, amenunua hasara. Yafaa achague mahali pengine, achimbe shimo la futi 2, atie samadi iliyooza, na kuinywesha maji miche yake siku za jua, kwa maana imelelewa chupani na haijazoea kiu.