Usikimbilie kazi moyo haujapona

Mkazi wa Kitengela anayefanya kazi Nairobi hutoka nyumbani alfajiri, akasukumana na wenzake kupata matatu, kisha akakwama katika msongamano wa magari njiani. Mwenye afya huchoka. Je, yule aliyetoka hospitalini juzi baada ya mshtuko wa moyo?

Mshtuko huo hutokea mshipa unaoupelekea moyo damu unapozibika, na sehemu ya msuli wa moyo ikafa. Sehemu hiyo haioti tena, bali hugeuka kovu, na kovu huchukua majuma 6 hadi 8 kukomaa. Mwenye kazi ya kuketi ofisini huweza kuruhusiwa kurudi baada ya majuma machache. Mwashi au mpakuaji wa malori huenda akangoja miezi 2 au 3. Wa kuamua ni daktari, si jirani.

Hapo ndipo shida huzuka. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 humpa mfanyakazi aliyetimiza miezi 2 kazini likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 7 za mshahara kamili, na siku 7 za nusu mshahara, katika kila miezi 12, akiwa na cheti cha daktari. Hicho ni kiwango cha chini. Mkataba wako waweza kukupa zaidi, kwa hivyo usome. Siku 14 hazitoshi moyo kupona, na kodi ya nyumba haingoji. Wengi hurudi kazini wangali wanahema.

Basi zungumza na mwajiri wako mapema, kabla siku hazijaisha. Mpelekee barua ya daktari inayoeleza kazi unayoiweza na usiyoiweza. Omba kufanya nusu siku, kuingia msongamano ukishapungua, au kazi nyepesi kwa muda. Nanyi wa nyumbani, pangeni matumizi pamoja, mgonjwa asisukumwe na madeni.

Wakati huo tembea kila siku, ukiongeza mwendo kidogo kidogo kama ulivyoelekezwa. Usiache dawa kwa sababu unajisikia mzima. Kifua kikibana, maumivu yakienea mkononi au tayani, au jasho baridi likikutoka, acha kazi papo hapo upelekwe hospitali.

Mwenda pole hajikwai. Juma lijalo tutazungumzia chakula cha mwenye maradhi ya moyo.