Tusiongeze Kelele, Turefushe Silabi

Likizo iliyopita nilikuwa kwetu Boga. Gari lenye kipaza sauti lilipita likitangaza siku ya chanjo ya watoto. Sauti ilijaa kilima kizima. Bibi yangu, aliyekuwa akianika maharagwe, akaniuliza: "Mjukuu, wamesema Jumatatu ao Jumatano?" Sikuwa na jibu. Mtangazaji akaongeza sauti, lakini mwendo ukabaki ule ule wa mbio. Jirani yetu alimpeleka mtoto Jumatatu, saa mbili kwa miguu, akaambiwa arudi keshokutwa.

Kosa halikuwa udogo wa sauti. Majina ya siku hizo mbili ni sawa kwa silabi tatu nzima. Yanaachana kwenye ya nne tu, -tu na -no. Na silabi hiyo ya mwisho, mtu akikimbia, ndiyo humezwa kwanza.

Sikio halipimi sauti kwa nukta moja ya wakati, hukusanya. Kwa takriban milisekunde 200, yaani sehemu ya tano ya sekunde, hujumlisha kinachoingia. Chukua mlio wa milisekunde 50 na mwingine wa nguvu ile ile wa milisekunde 100: wa pili husikika mkubwa zaidi, karibu kama umeongezewa desibeli 3. Ukishapita milisekunde 200 hivi, kurefusha hakuongezi tena ukubwa. Irabu nyingi za maongezi ya haraka ziko chini ya kikomo hicho. Basi kipaza sauti hukuza silabi zote pamoja, na iliyo dhaifu hubaki dhaifu mbele ya wenzake. Inayoiokoa ni kupewa muda.

Hapa ndipo ninapogombana na madaftari yetu. Tunafundishwa kwamba mkazo ni kutamka silabi "kwa nguvu zaidi", na katika mazoezi ya kusoma tunapiga kelele kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Jirekodi kwa simu ukisema barabara ya kupita, kisha barabara yenye maana ya sawasawa, upime kwa Praat, programu ya bure ya Boersma na Weenink wa Amsterdam. Utaona irabu yenye mkazo imevutwa kuliko jirani zake.

Nitajibiwa kwamba kidatu nacho kimo ndani ya mkazo. Ni kweli. Lakini mwenzetu anayezungumza Kingiti, ambaye kwao toni hubadili maana ya neno, ukimwambia "pandisha sauti" umemchanganya. Ukimwambia "vuta" ameelewa. Naye anayejua Kitooro, ndugu wa Kihema cha kwetu, hahitaji somo: okusiba ni kufunga kwa kamba, okusiiba ni kushinda mchana kutwa. Tofauti yote ni urefu. Anayechanganyikiwa zaidi ni sisi tuliosomeshwa kwa Kifaransa, tunaovuta silabi ya mwisho ya kila fungu la maneno.

Naomba mambo mawili. Kwanza, somo la fonetiki liutaje urefu kabla ya nguvu linapoeleza mkazo. Pili, mitihani ya kusoma kwa sauti irekodiwe na kupimwa, isihukumiwe kwa ukubwa wa koo. Wengi wetu tutaishia redioni, shuleni na kwenye magari ya matangazo. Huko, silabi moja iliyomezwa ni saa nne za mama barabarani, kwenda na kurudi, mtoto mgongoni.