Viti saba, watu kumi: gari gani linafaa familia ya Bambu?

Familia moja iliyokimbia Bambu na inayoishi sasa Bunia imebishana wiki nzima juu ya gari. Baba, mama, watoto sita, mama mzee upande wa baba, na binti mmoja wa jirani ambaye tangu siku ya kukimbia hakuna aliyekuja kumtafuta. Jumla watu kumi. Pesa zimetokana na ng'ombe waliouzwa kabla hawajaibwa, pamoja na msaada wa ndugu aliyeko Kampala. Zinatosha gari moja lililotumika, basi. Baba anataka Toyota Wish kwa sababu linapendeza na linakula esansi kidogo. Mama anataka Noah. Vijana wanataka tukutuku mbili, na wazo lao si la kijinga.

Ubishi kama huo unasikika katika nyumba nyingi za watu wa Djugu, hasa wale wanaofikiria kurudi au wanaokwenda na kurudi kila mwezi kuangalia mashamba. Shida ni kwamba watu wanaanza kwa kuchagua gari. Ingefaa waanze na barabara, kisha wafikirie siku mbaya, na gari litajichagua lenyewe.

Barabara inajulikana. Kutoka Bunia mtu anashika barabara ya taifa namba 27 hadi Iga-Barrière, anaiacha njia ya Mahagi na kuelekea Nizi, Bambu, Kobu hadi Mongbwalu. Kiangazi ni vumbi na mawe. Mvua ikianza, udongo mwekundu unateleza kama sabuni, na malori ya Mongbwalu yanachimba mifereji ambayo gari dogo likiingia linalala tumbo. Wish, lililoanza kuuzwa Japani mwaka 2003, na Ipsum lililotangulia mwaka 1996, yote yana viti saba na yote yalitengenezwa kwa ajili ya lami. Shofere hodari akiwa peke yake anaweza kulipitisha Wish hadi Bambu. Lakini nani ananunua gari la viti saba ili asafiri peke yake? Likipakia watu saba, springi za nyuma zinashuka, bomba la moshi linagonga jiwe la kwanza, na safari inaishia hapo.

Kwa hiyo mama ana haki, ila ajue kwamba jina Noah linabeba magari mawili tofauti. Kuna lile la zamani, la miaka ya 1990, ambalo injini yake iko chini ya viti vya mbele na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Na kuna lile lililokuja mwaka 2001, lenye injini mbele na, kwa mengi yake, magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta. Kwa macho, la pili ni zuri zaidi. Kwa mlima wa matope, la kwanza linashinda. Watu wakijaa nyuma, uzito wao unakandamiza magurudumu yanayosukuma, na gari linapanda. Lile la mbele, watu wakijaa nyuma, pua inakuwa nyepesi na magurudumu yanazunguka bure. Tena injini nyingi za lile jipya ni za aina inayotaka esansi safi, na esansi ya chupa inayouzwa kando ya njia na wale wanaoitwa Kadhafi haina sifa hiyo. Lile la zamani lina kasoro zake: shofere anakaa juu ya moto, na kila fundi akitaka kugusa injini, watu wa mbele wote washuke. Afadhali kushuka kidogo kuliko kulala njiani.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji hawalitaji. Magari haya yanatoka Japani, ambako watu wanaendesha kushoto. Noah la zamani lina mlango mmoja tu wa kuteleza kwa abiria wa nyuma, nao uko upande wa kushoto. Kwao, mlango huo unafunguka kwenye ukingo wa njia. Kwetu, ambako tunaendesha kulia, unafunguka katikati ya barabara, mahali malori yanapopita. Mtoto anayeruka nje kwa furaha ya kufika anaruka mbele ya lori. Lile jipya lina milango pande mbili, na kwa hilo tu linastahili heshima. Anayechukua la zamani aweke sheria nyumbani: hakuna anayefungua mlango kabla mtu mkubwa hajashuka kutazama nyuma.

Sasa hesabu ya viti. Karatasi inasema saba, wakati mwingine nane. Ukweli ni watu wazima watano na watoto wawili au watatu, na ukishawaweka hao, mizigo haina nafasi. Godoro, sufuria, gunia la unga wa mihogo, kuku: vyote vinapanda juu, na gari lenye mzigo mkubwa juu linayumba kwenye kona. (Probox lina viti vitano, na hilo halijawahi kuzuia mtu Ituri. Shofere mwenyewe hukalia nusu ya kiti chake. Lakini familia haipaswi kuwapakia watoto wake jinsi taksi inavyopakia wateja.)

Kiti cha tatu, kile cha nyuma kabisa, kinastahili maneno zaidi. Katika mengi ya magari haya, anayekaa huko hatoki mpaka kiti cha katikati kikunjwe. Desturi ni kumweka mama mzee huko ili apumzike bila kusumbuliwa na wanaoshuka njiani. Siku ya amani ni sawa. Siku ambayo watu wanalazimika kushuka haraka na kuingia porini, yeye ndiye wa mwisho, na magoti yake hayamruhusu kuruka. Huko nyuma wakae vijana wenye miguu.

Hapo ndipo siku mbaya inapoingia. Tangu Desemba 2017 watu wa Djugu wamekimbia si mara moja. Wengine walitembea kwa miguu hadi Bunia, wengine walivuka Ziwa Albert hadi Uganda. Familia nyingi zilitengana kwa sababu hakuna aliyekuwa amepanga nani aende na nani. Gari la viti saba katika nyumba ya watu kumi halimalizi swali hilo, linalileta mezani. Lisemwe mapema, kwa majina: safari ya kwanza wanaingia wasioweza kukimbia, yaani mama mzee, wadogo, mwenye mimba, mgonjwa. Wenye nguvu wanakwenda kwa miguu hadi mahali palipokubaliwa, au kwa tukutuku kama ipo. Ndiyo maana wazo la vijana lisitupwe: Noah la zamani lenye mwili mbaya na tukutuku moja iliyotumika vinaweza kuifaa nyumba hii kuliko Wish linalong'aa.

Na gari lilale nyumbani. Baba wengi wanapiga hesabu kwamba litafanya taksi mchana na kulipa esansi yake. Haki yao, maisha ni magumu. Lakini gari lililoko Mongbwalu usiku wa milio ya risasi ni gari la mtu mwingine. Vilevile kama baba peke yake ndiye anayejua kuendesha, na baba yuko mgodini, Noah linabaki kuwa banda la kuku. Mama ajifunze, na kijana mkubwa baada yake. Wapo watakaocheka kuona mama wa Bambu akishika usukani. Wacheke.

Bei anayotaja muuzaji siyo bei ya gari. Juu yake kuna karatasi: plake, karte roze, asuransi, na stakabadhi ya DGDA inayoonyesha kwamba ushuru wa forodha umelipwa. Asiyeonyeshwa karatasi hizo asitoe hata dola ya kwanza, kwa sababu atazilipia kwenye kila kizuizi. Kisha kuna matairi manne ya kweli, betri, na springi za nyuma. Familia inayomaliza pesa zote siku ya kununua itaegesha gari ndani ya mwezi mmoja.

Njia ya kulijaribu ni moja, na haihitaji fundi. Kabla ya kulipa, familia nzima ipande, na mizigo juu, na gari lipelekwe kwenye mlima mbaya baada ya mvua. Mtu mmoja abaki chini ainame kutazama tumbo la gari linavyopita. Wakifika juu, washuke wote kwa haraka, na waone nani amechelewa.

Familia ile ya Bunia imemwomba mwenye Noah alilete Jumamosi saa tatu. Mama mzee ameambiwa avae viatu vyake vya njia. Bei itazungumzwa baada ya hapo.