Mwanafunzi na Ukweli wa Daftari la Maabara

Mwanafunzi anayeanza masomo ya sayansi katika chuo kikuu huelezwa mapema wajibu wake: kuhudhuria mihadhara, kufika maabara kwa wakati akiwa amekwisha kusoma maelezo ya jaribio, kutonakili kazi ya mwenzake, na kutoa ripoti kabla ya siku iliyowekwa. Masharti hayo ni ya haki, na msimamizi aweza kuyakagua. Lakini uko wajibu mmoja ambao hakuna msimamizi awezaye kuulinda kikamilifu, nao ndio unaoyapa mengine maana: kuandika kile kilichoonekana, hata kama kinapingana na kitabu.

Wajibu huo huvunjwa mara nyingi na vijana wasiojihesabu kuwa wadanganyifu. Mfano mzuri ni jaribio la pendulamu, lijulikanalo tangu shule ya sekondari. Mwanafunzi hufunga jiwe dogo kwenye uzi, hupima urefu wa mita 1, huliachia libembee, hupima muda wa mibembeo 20, kisha hukokotoa mchapuko unaotokana na mvutano wa dunia. Jibu la kitabu ni mita 9.8 kwa sekunde kwa sekunde. Sasa, akitamka "moja" pale anapoliachia jiwe, badala ya "sifuri", afikapo "ishirini" jiwe litakuwa limebembea mara 19 tu, na jibu lake litakuwa karibu 10.9.

Aandikaye 10.9 huenda akapoteza alama chache, lakini mwalimu ataweza kulitafuta kosa na kulionyesha. Akokotoaye kinyumenyume, hata muda ukalingana na 9.8, hupata alama zote na kubaki na kosa lake. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Historia ya sayansi nchini Tanzania ina mfano unaostahili kufundishwa katika kila darasa. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, aliona kwamba maziwa yake ya kutengenezea aiskrimu, aliyoyatia katika jokofu yakiwa ya moto, yaliganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Aliambiwa kwamba amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alichekwa na wenzake, lakini alirudia jaribio kwa maji, na Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipoitembelea shule hiyo, akamwuliza sababu. Osborne aliporudi chuoni alimwagiza fundi wa maabara alijaribu jambo hilo. Fundi alileta habari kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, akaongeza kwamba wangelirudia jaribio mpaka wapate jibu lililo sahihi. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala yao pamoja.

Kauli ya fundi yule yachekesha, lakini ndiyo inayotawala katika maabara nyingi za wanafunzi: jibu hujulikana kwanza, jaribio hufuata.

Isidhaniwe kwamba kila jibu la ajabu ni uvumbuzi. Mwaka 2016 watafiti wawili, Burridge na Linden, walichapisha makala wakieleza kwamba hawakupata ushahidi wa kuridhisha wa jambo hilo la Mpemba, na kwamba tofauti ndogo ya mahali kipimajoto kinapowekwa yaweza kupotosha matokeo. Mjadala huo haumwondolei Mpemba heshima. Aliona, akauliza, akarudia, akaeleza bila kubadili. Hayo ndiyo yanayompasa mwanafunzi. Waliompinga kwa vipimo walitimiza wajibu huo huo, waliomcheka hawakuutimiza.

Lawama isiwaangukie vijana peke yao. Mwalimu atoaye alama kwa kulingana na kitabu tu huwafundisha wanafunzi kupika namba, hata kama mdomo wake wahimiza uaminifu. Yafaa sehemu kubwa ya alama itolewe kwa kumbukumbu kamili na kwa maelezo ya sababu za tofauti. Vipimo viandikwe kwa wino pale pale vinaposomwa, na kilichokosewa kikatwe kwa mstari mmoja, kisifutwe, ili kiendelee kusomeka.

Vijana hawa ndio watakaopima damu katika hospitali, maji ya visima na zege la madaraja. Huko hakuna jibu la kitabu la kulinganisha nalo, wala mgonjwa hana njia ya kukagua namba aliyoandikiwa. Aliyezoea kuzirekebisha namba kwa ajili ya alama hatapata ghafla, siku ya kuajiriwa, tabia ambayo hakujengewa. Samaki mkunje angali mbichi: kazi hii yapasa kuanza katika maabara ya sekondari, kwa jiwe na uzi.