Kizuia mtikisiko kinatuliza mkono wako, hakitulizi shosho yako

Haupiti muda mrefu kabla mtu hajaniuliza swali hili: "Nikinunua kamera, niongeze pesa nipate ile yenye kizuia mtikisiko ndani, au ni maneno tu ya wauzaji?" Wiki hii limekuja tena, safari hii kutoka kwa jirani yangu hapa Kiserian ambaye ameanza kupiga picha za harusi. Badala ya kumjibu kwa ujumbe wa simu, nimeona niandike yote mara moja.

Jibu langu fupi ni hili: kinafanya kazi, tena vizuri kuliko nilivyotarajia. Lakini kinafanya kazi moja tu, na siyo ile ambayo wengi wetu tunaihitaji zaidi. Mimi nililijua hilo kwa hasara. Nitafika huko.

KINAFANYAJE KAZI?

Ukishika kamera, mikono yako haitulii hata ukidhani imetulia. Moyo unadunda, pumzi zinaingia na kutoka, misuli inatetemeka. Shata ikifunguka kwa muda mfupi sana, hayo yote hayaonekani. Ikikaa wazi kwa muda mrefu, picha nzima inachafuka. Wapiga picha wa tangu zamani wana kanuni yao: kwa lenzi ya milimita 50 usishuke chini ya 1/50 ya sekunde, kwa ya milimita 200 usishuke chini ya 1/200. Ukishuka, tafuta stendi ya miguu mitatu au uegemee ukuta.

Kizuia mtikisiko kinakuja kuvunja kanuni hiyo. Ndani ya kamera mna jairoskopu, kidude kinachohisi mzunguko, ndugu wa kile kilichomo kwenye simu yako. Kinapima mtikisiko mara nyingi mno kila sekunde. Prosesa inapiga hesabu, kisha sumaku za umeme zinaisukuma sensa upande wa pili kwa kiasi kilekile. Mkono ukienda kulia, sensa inafuata picha inakokwenda, na picha inabaki palepale juu yake. Kwetu sisi tunaoandika programu hiki ni kitanzi tu: soma, kokotoa, sahihisha, rudia. Tofauti ni kwamba kitanzi hiki kikichelewa hata kidogo, hakuna ujumbe wa kosa unaotokea. Unapata tu picha mbaya.

Wazo lenyewe si jipya. Nikon walitoa kamera ndogo ya filamu yenye kizuia mtikisiko mwaka 1994. Canon wakaweka ndani ya lenzi ya milimita 75 hadi 300 mwaka 1995. Wa kwanza kuisogeza sensa yenyewe walikuwa Minolta, kwenye kamera ya DiMAGE A1 ya mwaka 2003. Olympus wakaja na E-M5 mwaka 2012, iliyosahihisha mienendo mitano: kuinama na kuinuka, kugeuka kushoto na kulia, kupinda kama usukani, kuhama kwenda kando, na kuhama kwenda juu na chini. Sony wakaipeleka hiyo mitano kwenye sensa kubwa ya milimita 36 kwa 24 mwaka 2014 kwa A7 II. Kufikia 2020 Canon walikuwa wanatangaza EOS R5 kwa hadi stopu 8 na baadhi ya lenzi.

Stopu 8 maana yake nini? Kila stopu moja inazidisha muda mara mbili. Stopu 8 ni mara 256. Kwa lenzi ya milimita 50, badala ya 1/50 ya sekunde ungeweza, kwa hesabu ya karatasi, kushika kamera mkononi kwa sekunde 5. Sekunde tano! Hebu jaribu kuhesabu moja hadi tano ukiwa umeshika kikombe cha chai kilichojaa.

NILIPANDA NGONG KUJARIBU

Kamera yangu ni ya mtumba, ina mienendo yote mitano, na mtengenezaji aliiahidi stopu 5. Siamini ahadi za kwenye katoni, kwa hiyo nilipanda nayo vilima vya Ngong jioni moja, kwenye ile mitambo ya upepo ya KenGen. Nilichagua pale kwa sababu kila mtambo una vitu viwili katika picha moja: mnara usiosogea na mapanga yasiyotulia.

Kwa lenzi ya milimita 50, kizuia mtikisiko kikiwa kimezimwa, 1/60 ilikuwa sawa, 1/30 nikaanza kubahatisha, na 1/8 zote zilikuwa za kutupa. Nikakiwasha. Kwa 1/8 karibu zote zilitoka kali, ungehesabu nati za mnara. Kwa nusu sekunde nilipata nzuri moja katika kila nne au tano hivi. Na msisahau kwamba pale juu upepo unakusukuma kama makanga wa stejini. Kwa hiyo ahadi ya stopu 5 mimi naihesabu kama stopu 3 za uhakika, na mbili za bahati. Hiyo bado ni kazi kubwa. Nilimvulia kofia fundi aliyeiandika ile programu.

Sasa angalia mapanga kwenye zile picha. Kwa 1/8 mnara ni mkali kama wembe, na mapanga ni ukungu. Nilipoziona nilicheka, nikasema picha zimependeza. Sikujua nilikuwa nimeonyeshwa jibu, nikalipita.

SHOSHO

Desemba mwaka juzi ukoo wetu ulikutana kwa shosho yangu kumshukuru Mungu kwa kumfikisha umri aliofika. Nikajitolea kupiga picha. Mimi ndiye mtu wa kompyuta, mimi ndiye mwenye kamera. Sherehe zetu mnazijua: ibada iliyopangwa saa nne inaanza saa sita, chakula saa tisa, na ile sehemu ya maana, wajukuu kupita mbele ya shosho mmoja mmoja kupewa baraka, inafika wakati jua linazama. Na hapa kwetu karibu na ikweta jua halina subira. Likishafika saa kumi na mbili na nusu hivi linashuka wima, na baada ya dakika ishirini na kitu ni giza. Kiserian tuna na vilima vya Ngong upande wa magharibi, kwa hiyo linajificha mapema zaidi.

Sikuwa na wasiwasi. Niliacha ISO chini, 800, ili picha zisiwe na chengachenga. Nikaacha kamera ichague shata yenyewe, nikijiambia kizuia mtikisiko kipo. Kamera ikachagua 1/8. Kwenye kile kioo kidogo cha nyuma kila kitu kilionekana safi.

Usiku nikazifungua kwenye kompyuta. Ukuta wa mabati, mkali. Kitambaa cha meza, unaona hadi uzi. Viti vya plastiki, vikali. Shosho, ukungu. Alikuwa anaongea na kila mjukuu, anatikisa kichwa, anacheka, anainua mkono kubariki. Hakuna hata mmoja katika ile foleni aliyekuwa ametulia, na kwa nini watulie? Kamera ilifanya kazi yake kikamilifu. Ilinituliza mimi.

Shosho aliaga dunia mwaka uliofuata. Shangazi alinipigia, akaniuliza, "Mwanangu, tuletee ile picha ya siku ya baraka tuweke kwenye programu ya mazishi." Nilizipitia zote tena, mara mbili. Picha iliyowekwa ni ya binamu yangu mwenye miaka kumi na minne, aliyoipiga kwa simu ya bei ya chini akiwa amewasha flashi. Taa iliongeza mwanga, simu ikapata shata fupi, na macho ya shosho yapo pale, yanamwangalia mtoto. Rangi si nzuri na nyuma ni giza tupu. Hakuna aliyelalamika.

HESABU NILIYOPASWA KUIFANYA

Kichwa cha mtu anayezungumza kikisogea polepole tu, sentimita 10 kwa sekunde, ndani ya 1/8 ya sekunde kimesafiri zaidi ya sentimita 1. Jicho la binadamu lina upana wa kama sentimita 3. Yaani zaidi ya theluthi ya jicho imefutika, hata kamera ikiwa imejengewa kwa zege. Kwa 1/250 kichwa hichohicho kinasogea chini ya nusu milimita.

Sasa, ningeipata wapi 1/250 wakati ule? Lenzi niliyotumia ni ile ya kawaida inayokuja na kamera, na pale tundu lake lilikuwa f/5.6. Lenzi ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8, ambayo ni kati ya lenzi za bei nafuu kwa karibu kila kampuni, inaingiza mwanga takriban mara kumi zaidi. Hapo 1/8 inakuwa kama 1/80. Nikipandisha ISO kutoka 800 hadi 3200, ni mara nne tena, nafika 1/300. Chengachenga zingekuwepo, ndiyo. Lakini chengachenga unaweza kuzisafisha kwa programu, au ukaishi nazo. Jicho lililofutika hakuna programu ya kulirudisha. Itakuchorea jicho lingine tu, la mtu asiyekuwepo.

Na hapa ndipo ninapogombana na matangazo. Zile stopu tunazosomewa zinapimwa kwa utaratibu wa CIPA, chama cha watengenezaji kamera cha Japani: kamera inawekwa juu ya mashine inayotikisika, na mbele yake kuna chati isiyosogea. Ni kipimo cha haki kwa kile kinachopima. Lakini chati haicheki, wala haibariki wajukuu. Ukiiuzia familia kamera kwa namba hiyo bila kusema neno la pili, umeeleza nusu ya ukweli.

KWINGINE KINAKOPUNGUA

Lenzi ndefu. Kamera ikiinama nyuzi 1, picha ya lenzi ya milimita 50 inahama karibu milimita 0.9 juu ya sensa. Kwa lenzi ya milimita 400 inahama karibu milimita 7, na sensa haina nafasi ya kukimbia kiasi hicho. Kwa hiyo kama unapiga simba wa Mbuga ya Nairobi kutoka upande wa Kitengela, tafuta lenzi yenye kizuia mtikisiko chake yenyewe.

Simu je? Zile za bei ya juu nyingi nazo zina lenzi au sensa inayosogea. Lakini ujanja wao mkubwa usiku ni wa programu: zinapiga picha nyingi za muda mfupi, zinazipanga moja juu ya nyingine na kuzichanganya. Google walipoleta Night Sight mwaka 2018 wengi tulidhani ni uchawi. Ni hesabu tu, na bado anayesogea sana anawasumbua.

Wapo watakaosema ninakidharau kifaa. Hapana. Ukipiga bonde la Ufa kutoka Corner Baridi machweo, ndani ya kanisa tupu, msikiti wa zamani Lamu, chakula mezani, nyumba za kuuza, kizuia mtikisiko ni baraka na ningelipia. Kwa video ya mkononi ningelipia mara mbili. Lakini tukumbuke Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, alifanya karibu kazi yake yote kabla ya ile lenzi ya Canon ya 1995, na baada ya kupoteza mkono Addis Ababa mwaka 1991 alirudi kazini na mkono wa bandia. Kilichombeba ni kujua kamera yake inaweza nini na haiwezi nini.

KWA JIRANI YANGU, NA KWAKO

1. Kama ni harusi na watu, nunua kwanza lenzi yenye tundu pana. Kizuia mtikisiko kije baadaye.
2. Ingia kwenye mipangilio, weka kikomo cha chini cha shata: 1/125 kwa watu waliokaa, 1/250 kwa wanaosogea. Kamera nyingi za sasa zinaruhusu. Usiiachie ichague.
3. Usiogope ISO. Picha yenye chengachenga ni picha.
4. Piga tatu mfululizo. Mtu hutulia katikati ya maneno.
5. Kuza picha kwenye kioo cha kamera uangalie macho palepale, kabla watu hawajaondoka.

Hiyo namba tano ingechukua sekunde kumi. Shosho alikuwa bado amekaa kwenye kiti chake, na angekubali turudie. Alikuwa ameniuliza mwenyewe, "Zimetoka?" Nikamwambia zimetoka vizuri sana.

Haya, ni hayo kwa leo. Nakutakieni wiki njema.