Acheni kuwabebesha watu picha wasizohitaji

Wenzangu tunaounda programu za simu, leo tuambiane ukweli. Picha ya pikseli 4000 kwa 3000 haina kazi kwenye kijisanduku cha pikseli 200 kwa 200. Najua jibu lenu: "Simu itaipunguza yenyewe." Itaipunguza, ndiyo, lakini baada ya mtumiaji kuilipia data yote.

Na huo ni mwanzo tu. Faili ya JPEG inaweza kuwa MB 3, lakini ikifunguliwa, kwa kawaida kila pikseli hula baiti 4 za RAM. Pigeni hesabu: pikseli milioni 12 mara 4 ni MB 48. Kijisanduku chenyewe kilihitaji KB 160! Pangeni kumi za namna hiyo kwenye orodha moja, kisha mshangae kwa nini programu inajifunga kwenye simu yenye RAM ya GB 2.

Dawa si ngeni. Picha ikipokelewa, seva itengeneze saizi tatu: ndogo, ya kati na kubwa. Simu iombe ile inayotosha nafasi yake tu. Mtu akitaka kuikuza, aiguse. Hapo ndipo kubwa ije. Iliyokwisha kushushwa ikae kwenye kache, isilipiwe tena kesho. Kwenye hifadhidata wekeni jina la faili, si picha yenyewe.

Msiniambie siku hizi intaneti ina kasi. Hiyo ni yenu, ya Wi-Fi ya ofisini. Anayenunua data ya shilingi 20 ndiye anayelipia uvivu wenu.